Sili Mwenye Degedege: Kabla ya Kusema Amekula Sumu

Simba-bahari, yaani sili mwenye masikio ya nje, akidhurika ubongo hutambulika kwa mbali. Amelala ubavu, shingo imepinda hadi kisogo kinakaribia mgongo, kichwa kinayumba kushoto na kulia bila kituo, povu mdomoni, mapezi ya mbele yanapiga mchanga. Mwingine hana degedege kabisa. Anajikuna mahali palepale kwa pezi la nyuma mchana kutwa, au anatambaa kutoka majini mpaka barabarani kama aliyepotea njia ya kwao. Katika pwani ya California, anayemwona husema mara moja kwamba amekula sumu, na mara nyingi husema kweli. Hata hivyo, mganga wa mifugo anayempokea kwenye kituo cha uokoaji hapaswi kuanzia hapo. Kwanza huulizwa yale yanayoweza kumuua mnyama ndani ya saa moja na kutibika ndani ya saa hiyohiyo: sukari, chumvi na joto.

Sukari hupimwa kwa tone la damu na kipimo kilekile wanachotumia wagonjwa wa kisukari. Kimetengenezwa kwa damu ya binadamu, kwa hiyo jibu lake ni dokezo, na maabara huthibitisha baadaye. Sili wasio na masikio ya nje hutolewa damu kiunoni, katika mshipa mpana unaopita juu ya uti wa mgongo, sindano ikiingia kati ya pingili mbili. Simba-bahari hutolewa nyuma, karibu na nyonga. Mtoto wa sili aliyeachwa na mama yake na kukonda hana akiba. Sukari yake ikiwa chini ya 3.3 mmol/L na mwili unakakamaa, hupewa deksitrozi, yaani sukari ya maji, kwenye mshipa. Kumnywesha glukosi mdomoni akiwa hajitambui ni kuipeleka mapafuni.

Chumvi ina hila zaidi. Sili mgonjwa anayewekwa kwenye bwawa la maji baridi yasiyo ya bahari, na kulishwa samaki wasioongezwa chumvi, sodiamu yake inaweza kushuka polepole kwa siku kadhaa. Hulegea, hukataa chakula, kisha huanza kutetemeka. Kishawishi ni kumrudishia chumvi yote kwa mkupuo, na hapo ndipo madhara makubwa hutokea. Seli za ubongo zimekwisha kuzoea uhaba huo, na sodiamu ikipanda ghafla maji hufyonzwa kutoka ndani yake na utando unaofunika neva huharibika. Kwa binadamu na mbwa, upungufu wa siku nyingi haupandishwi zaidi ya takriban 10 mmol/L kwa saa 24, na tahadhari hiyohiyo inamfaa sili.

Kuhusu joto, mnyama huyu amevaa koti la mafuta asiloweza kulivua. Degedege lenyewe ni kazi ya misuli, na kazi hiyo huzalisha joto. Akizidi nyuzi 40 za Selsiasi, maji humwagwa hasa kwenye mapezi, ambako mafuta ni haba na damu iko karibu na ngozi. Dawa za kutuliza kifafa, kama diazepamu, huandamana na uangalizi wa pumzi, kwa sababu sili aliyelewa dawa anaweza kubana pumzi na kupunguza mapigo ya moyo kana kwamba amepiga mbizi.

Mambo hayo yakishaondolewa, lipo swali ambalo vituo havipendi kujiuliza: je, ugonjwa huu tumeuleta sisi? Heringi, dagaa wa jamii ya anchovi na baadhi ya vibua wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, yaani thiamini. Jokofu halikiui. Samaki akiwa amegandishwa kimeng'enya huendelea na kazi yake taratibu, na wakati wa kuyeyusha huharakisha. Sili anayekula samaki hao kwa majuma bila nyongeza hupoteza hamu ya kula, huyumba, hupata degedege na hatimaye hufa, ilhali bakuli lake lilijaa kila siku. Kinga yake ni rahisi: miligramu 25 hadi 30 za thiamini kwa kila kilo ya samaki, kidonge kikifichwa chini ya shavu la samaki mmoja. Ni bora apewe samaki huyo wa dawa kwanza, kama saa mbili kabla ya mlo mkubwa. Kidonge kikichanganywa na ndoo nzima, vitamini huliwa na kimeng'enya kabla sili hajaonja. Mlo wa aina moja ya samaki ni wa kuepukwa hata kama ndio wa bei nafuu.

Sasa sumu. Mwani mdogo sana wa jenasi Pseudo-nitzschia hutengeneza asidi ya domoiki. Maji ya kina yenye virutubisho yanapopanda juu, mwani huo huongezeka kwa wingi, dagaa huula bila kudhurika, na simba-bahari hula dagaa. Mwaka 1998, zaidi ya simba-bahari 400 walikufa katika pwani ya kati ya California kwa sababu hiyo, na kusini mwa jimbo hilo mlipuko mmoja ulifuata mwingine kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2025. Wengi wanaoathirika ni majike wakubwa, na wenye mimba huweza kuharibu mimba, kwani sumu hupita kwenye kondo la nyuma.

Asidi hii hufanana na glutameti, kemikali ambayo neva hutumia kuamshana. Hung'ang'ania vipokezi vyake na kuziamsha seli kupita kiasi mpaka zife, hasa katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu na ramani ya mahali. Hakuna dawa ya kuifuta. Tiba ni kutuliza degedege kwa diazepamu na fenobabitali, kumwongezea maji mwilini ili figo ziisafishe, na kumlisha samaki safi. Sumu hutoka upesi kwenye damu, kwa hiyo mkojo na kinyesi vinapaswa kuchukuliwa siku ya kwanza. Kipimo kisipoona kitu siku ya tano, mnyama hajathibitishwa kuwa salama.

Walio wagumu zaidi kuwaamulia ni wale wanaoonekana wamepona. Hipokampasi iliyosinyaa haikui tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima simba-bahari 30 kwa picha za MRI na majaribio ya kukumbuka mahali chakula kilipo; waliokuwa na kidonda kikubwa zaidi walikosea zaidi. Mnyama anayeishi kwa kuwinda na kurudi mwambani hawezi kufanya hivyo bila kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuachiwa lazima atazamwe akiwa ameacha dawa: anakula, anakimbia mtu, hapati kifafa? Anayerudi ufukweni na degedege miezi kadhaa baadaye huenda hana chembe ya sumu mwilini. Ana kifafa cha kudumu, na mara nyingi uamuzi wa huruma ni kumlaza usingizi wa mwisho.

Maambukizi nayo yapo. Kirusi cha distempa ya sili, ugonjwa unaoshambulia mapafu na ubongo, kiliua sili wapatao 18,000 Ulaya mwaka 1988. Ni ndugu wa kirusi kilichoua simba wa Serengeti mwaka 1994, nao pia walikuwa wakianguka kwa kifafa. Vimelea kama Toxoplasma, vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka na kusombwa na mvua hadi baharini, huwasha uvimbe ndani ya ubongo.

Na tangu 2024 kuna jambo lililobadilisha kazi hii kusini mwa Afrika: kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika sili wa manyoya wa Afrika Kusini. Kabla ya hapo, sumu ya mwani ilikuwa miongoni mwa dhana zilizotolewa kueleza kwa nini sili walikuwa wanawauma waogeleaji. Sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa zilipopimwa, ilionekana kirusi kilikuwapo tangu 2022, na kinafanana na kile cha bweha wa mgongo mweusi. Hakithibitishwi kwa uhakika mnyama akiwa hai. Ubongo ndio hupimwa baada ya kufa. Wahudumu wa huko wanapaswa kuchanjwa kabla ya kugusa sili. Yeyote aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo na kumwambia daktari kwamba aliyemuuma ni sili, kwa kuwa mdomo wa sili una pia bakteria wasiotibika kwa penisilini.

Ukimkuta sili wa namna hii, kaa mita 50 kutoka alipo, funga mbwa wako, usimwagie maji wala kumsukuma arudi baharini, maana akishikwa na kifafa majini atazama. Piga simu ya uokoaji wa wanyama wa eneo hilo, kisha mrekodi kwa simu yako nusu dakika, kichwa na mapezi vyote vionekane. Wengi hufika kituoni wametulia, na video hiyo ndiyo inayomwonyesha mganga degedege lilianzia upande gani.