Noti za masomo zikiwa kwenye simu, mwalimu anabaki na kazi gani?

Kwa miaka mingi mwalimu wa sekondari nchini Uganda ndiye aliyekuwa kitabu. Nakala shuleni zilikuwa chache, pengine moja tu iliyo mkononi mwake, na kipindi kizima kilikwisha akiandika ubaoni huku wanafunzi wakinakili. Leo noti hizo zimo kwenye simu ya mzazi, tena zimepangwa vizuri kuliko zake.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mapema mwaka 2020. Mwezi Machi shule zikafungwa, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yakapitia redioni, kwenye televisheni na vijitabu vya kujisomea. Wenye intaneti wakasoma kwa simu. Mtaala wenyewe unamtaka mwanafunzi atafute habari, afanye mradi na aeleze alichokipata. Kazi za shuleni huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho, mtihani wa UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda, asilimia 80.

Chukua somo la Kiswahili. Mwanafunzi anaandika "kitabu yangu". Programu inamrekebisha mara moja: "kitabu changu". Anafuta, anaendelea, na wiki ijayo anasema "kiti yangu". Mwalimu anayemsikiliza anajua pa kuanzia. Kama mtoto anazungumza Kiganda, atamuuliza nyumbani wanasemaje. Mtoto atajibu "ekitabo kyange", na hapo ataona kwamba upatanisho anaouogopa anao tayari. Kwa Mwacholi wa Gulu njia hiyo haifai, kwa kuwa Kiacholi hakina ngeli za namna hiyo. Huyo anahitaji kusikia na kusema mara nyingi, na ndipo rekodi za sauti kwenye simu ya mwalimu, pamoja na spika ndogo, zinaposaidia kweli.

Miradi nayo imeleta mtihani mwingine kwa walimu. Ripoti kuhusu maporomoko ya udongo Bududa, wilaya ya milimani mashariki mwa Uganda, inaweza kuandikwa na akili unde, ikaja safi bila kosa, na aliyeileta asiweze kueleza kwa nini mteremko uliokatwa miti huporomoka mvua ikizidi. Dawa ni kumketisha na kumuuliza: ulizungumza na nani, ulijuaje, wewe unaonaje? Katika darasa kubwa, maswali hayo yanakula saa nyingi. Kwa hiyo wanaosema teknolojia inampunguzia mwalimu kazi nawapinga. Inamwondolea kazi ya kunakili na kumpa nyingine iliyo ngumu zaidi, ambayo wengi hatukuwaandaa kuifanya.

Mafunzo mengi tunayowapa bado yanaishia kwenye kuwasha kompyuta na kuunganisha projekta. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 kuhusu umahiri wa walimu katika TEHAMA una maeneo 6, na ujuzi wa kutumia vifaa ni eneo moja tu. Mengine yanagusa mtaala na upimaji, mbinu za kufundisha, sera, uendeshaji wa shule, na mwalimu kuendelea kujifunza.

Wakuu wa shule na kamati za wazazi, mnapopanga bajeti ya tableti au umeme wa sola, tengeni pia saa katika ratiba ambazo walimu wa somo moja watakaa pamoja, wasome kazi za wanafunzi na kutunga maswali ya kuwauliza. Na mkiingia darasani kukagua, msihesabu vifaa. Sikilizeni ni nani anayezungumza zaidi, na kama mwanafunzi akikosea kuna anayemuuliza amefikiriaje.