CV si ghala la kila ulichowahi kufanya

Wengi huamini kwamba CV nzuri ni ile inayotaja kila kitu: kila semina, kila cheti, hata kibarua cha wiki mbili, kisha nakala hiyohiyo hutumwa kila mahali. Sivyo. Anayeisoma ana rundo mbele yake, naye anatafuta jambo moja tu: je, huyu ataiweza kazi hii?

Mwanzoni mwa miaka ya 1480, Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, kuomba kazi. Alianza na madaraja mepesi ya kijeshi, akaendelea na mizinga na magari ya vita. Uchoraji, ambao ndio unaomfanya akumbukwe leo, aliugusa karibu na mwisho. Alijua mtawala yule alihitaji nini.

Basi soma tangazo la kazi kwanza, kisha upange CV yako upya. Na usiandike "nilihusika na mauzo". Maneno hayo hayasemi lolote, na huniuma kuyaona kwa watu wenye uwezo mkubwa. Andika ulichobadilisha: wateja waliongezeka kutoka 40 hadi 65 kwa miezi sita. Namba iwe ya kweli, maana kwenye usaili utaulizwa uliifikiaje.