"Ni Mafua Tu": Wanayoambiwa Wajawazito na Ukweli Wake

Mama mwenye mimba ya miezi saba ameketi kwenye benchi la kliniki, kanga mabegani. Akianza kusema hamalizi bila kuvuta pumzi. Ukimuuliza ana nini, anajibu: "Ni mafua tu." Hiyo "tu" ndiyo inayoniuma.

Dhana: Mafua ni mafua.
Hapana. Pua kutiririka ni kitu kimoja, influenza ni kingine. Influenza hushika ghafla: homa, baridi, viungo kuuma, kikohozi kikavu, mwili kulegea hata kuinuka kitandani ni kazi. Mjamzito humlemea zaidi. Tumbo limekua na kuyabana mapafu kutoka chini, moyo unasukuma damu nyingi kuliko zamani, na kinga ya mwili imebadilika ili kumpokea mtoto. Nimonia humpata kwa urahisi. Katika mlipuko wa mwaka 2009 wa H1N1, aina ya influenza iliyoitwa pia homa ya nguruwe, wajawazito wa Marekani walikuwa kama asilimia 1 ya watu wote, lakini karibu asilimia 5 ya waliokufa.

Dhana: Mtoto tumboni hayamhusu.
Kwa kawaida virusi havimfikii, ila homa kali ya mama na kukosa hewa humfikia. Homa ya wiki za mwanzo imehusishwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Baadaye hofu ni kujifungua kabla ya wakati.

Dhana: Ajifukize, atatoka jasho apone.
Hili tunalifanya kwa upendo, najua. Sufuria la mwarobaini linatokota, mama anainama juu yake, blanketi zito linamfunika gubigubi. Lakini huyu tayari ana homa, nasi tunamwongezea joto; anaweza kuishiwa maji, kuzirai, au kumwagikiwa na maji ya moto. Na virusi vilivyo mapafuni havifi kwa mvuke. Tangawizi na limau anywe, vinaliwaza koo.

Dhana: Mjamzito hamezi dawa yoyote.
Parasetamoli kwa kipimo sahihi inashusha homa. Ibuprofeni aiache, hasa kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari aseme. Antibayotiki haiui virusi. Ipo dawa ya influenza, oseltamivir, ambayo wajawazito hupewa, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48. Na kwetu, homa yoyote ya mjamzito ipimwe malaria kwanza.

Dhana: Chanjo ya influenza itaharibu mimba.
Chanjo ya sindano haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kumpa ugonjwa. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani limewaweka wajawazito miongoni mwa wanaopaswa kutangulia kuipata. Utafiti uliofanyika Soweto, Afrika Kusini, ulionyesha inapunguza influenza kwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto mchanga pia. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi influenza. Kinga yake ni ile aliyopewa na mama. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki chanjo hii haimo kwenye sindano za kawaida za kliniki kama ile ya pepopunda, basi iulizie.

Pumzi zikikatika, kifua kikibana, homa ikikataa kushuka, akichanganyikiwa au mtoto akipunguza kucheza, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.