Blenda ya mkono haifi yenyewe, mnaiua: dhana ninazozisikia kila siku

"Fundi, hii ni ya wati 1000, sasa imeunguaje?" Hilo swali nimelichoka jamani. Linakuja na mama kashika blenda ya mkono ndani ya mfuko, harufu ya waya iliyoungua imefika kabla yake, na ukimuuliza ulikuwa unasaga nini anakwambia "vitu vya kawaida tu". Ukichimba hivyo vya kawaida unakuta ni kunde za bagia kilo nzima, zimelowekwa tu hazijaiva, hazina maji, na kidole kimekaa kwenye swichi mpaka moshi ulipotoka. Kwahiyo naandika yote mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii WhatsApp naendelea na kazi.

Tuanze na hizo wati maana ndo zinazoniumiza kichwa. Watu wanaamini wati nyingi maana yake mashine ina nguvu, na ikiwa na nguvu basi unaweza kuibonyeza muda wowote unaotaka. Si kweli yote mawili. Wati ni umeme ambao mashine inakula kutoka ukutani, basi. Sehemu ya umeme huo inafika kwenye kisu, nyingine inabaki ndani ya mota kama joto, na mota yenyewe ni kadogo, kamebanwa ndani ya plastiki nyembamba inayoenea kiganjani. Chukua wati hizohizo weka kwenye blenda ya jagi yenye kitako kipana, feni kubwa na matundu chini, joto lina pa kutokea. Kwenye ya mkono halina pa kwenda, ndo maana kiwanda kinakuandikia kabisa muda wa kuitumia. Igeuze ya kwako sasa hivi, angalia stika au maandishi yaliyo karibu na sehemu ya volti, nyingi utakuta KB 1 min, au KB 30 s, au Max 1 min. Hapo wanakwambia mwisho wa kubonyeza mfululizo ni dakika 1, au sekunde 30, halafu unaiacha ipoe. Zipo za bei kubwa zinazoruhusu dakika kadhaa, lakini hizi nyingi zinazoingia kwangu ni dakika 1, na kale kakikombe kake ka kukatia vitunguu mara nyingi kana muda mfupi zaidi ya huo. Wati 1000 na KB 1 min zimeandikwa kwenye stika moja, karibu kabisa, ila mteja anasoma moja tu, ile iliyoandikwa pia kwa maandishi makubwa kwenye boksi.

Na mzigo ukiwa mzito hata hiyo dakika 1 huifikishi. Hii ni mota ya kaboni, yani vijipande vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipelekea umeme, kwenye kitu laini inazunguka zaidi ya mara elfu 10 kwa dakika, na feni yake ya kujipoza imefungwa kwenye shafti hiyohiyo. Sasa ukiitumbukiza kwenye donge la kunde mwendo unashuka, mwendo ukishuka mota inavuta umeme mwingi zaidi, umeme ukizidi joto linapanda, na muda huohuo feni nayo imepunguza upepo kwasababu iko shafti moja na mota, yani joto limeongezeka, upepo umepungua, na wewe juu ya hapo umeziba matundu kwa kiganja. Sauti itabadilika, ule mlio mwembamba unageuka kukoroma. Hapo ndo pa kuachia swichi. Na hapo ndo wengi wanakandamiza zaidi, wengine wanaweka na mkono wa pili.

Nikiifungua huwa namwita mwenye nayo aangalie mwenyewe. Koili ni waya wa shaba uliopakwa vanishi nyembamba, ikiwa nzima inang'aa, iliyoungua utaona upande mmoja umekuwa mweusi, vanishi imebabuka na waya zimegusana. Kaboni zimelika. Chini kwenye maungio kuna kagia ka plastiki kanakoshika fimbo yenye kisu, meno yake yote yameyeyuka yamelalia upande mmoja. Kwenye kikombe cha kisu kunde bado zipo, zimekauka kama saruji. Nyingine zina fyuzi ya joto imefichwa ndani ya koili, ikikatika hiyo mashine inazima kimya, hakuna moshi wala harufu, na mteja anakuja ana matumaini yote, "hii itakuwa waya tu fundi". Sio waya mama yangu. Gia nabadilisha kama spea ipo, kaboni nabadilisha, swichi nabadilisha, lakini kuwaindi upya mota ya blenda ya mkono, yani kuizungushia waya mpya, gharama yake inakaribia kununua nyingine, na nikisema hivyo naonekana fundi mwizi.

Wapo wanaonijibu mbona wapishi wa hotelini wanasagia sufuria zima nayo ni ya mkono. Ile sio hii. Zile za hoteli, za kampuni kina Robot-Coupe, ni ndefu, zina uzito wa kilo kadhaa, nyingi zinashikwa kwa mikono miwili, na zimetengenezwa kwa sufuria za makumi ya lita. Umbo tu ndo limefanana.

Sheria yangu mimi, na wanaoifuata siwaoni tena kwenye foleni: bonyeza, hesabu mpaka 15 polepole, achia, vuta pumzi, rudia. Ukifika mara nne iweke pembeni, koroga kwa mwiko, onja chumvi, mwili wake ukipoa ndo urudi. Ukisikia plastiki ina joto mkononi jua ndani ni joto mara nyingi zaidi ya hilo. Supu ya familia haihitaji zaidi ya hapo kama ulivyoweka vimeiva, na kama havijaiva usimlaumu fundi, rudisha jikoni. Kunde za bagia peleka kwenye mashine sokoni, au blenda ya jagi kidogokidogo, au kinu kama majirani zako ni wavumilivu. Viungo vikavu, barafu kubwa, nyama mbichi, karanga kavu, vyote hivyo sio vya hii fimbo.

Alafu baada ya kusema hayo kuna wanaoruka upande wa pili: "kumbe haina kazi hii, ya kusagia juisi ya mtoto tu". Hapana bana. Mswisi Roger Perrinjaquet aliipatia hati miliki mwaka 1950 akaiita Bamix, na mpaka leo watu wanaendelea kuitengeneza, ingekuwa ya mapambo ingeshapotea. Kazi yake ni vitu laini vyenye majimaji, ndani ya sufuria uliyopikia, na jikoni kwetu hivyo ndo vingi. Maharage ya nazi mchuzi mwepesi? Sukuma fimbo pembeni mwa sufuria mpigo mmoja au miwili tu, yatakayosagika hapo yanafanya mchuzi uwe mzito na mengine yanabaki mazima, hakuna haja ya unga. Nyanya, zichemshe au zikaange kwanza na kitunguu mpaka zilegee ndo usage, rosti inatoka laini na maganda huyaoni. Uji uliofanya mabonge unaokolewa kwa sekunde chache. Maji ya chapati za maji, dengu zilizoiva, boga la nazi, embe lililoiva na maji kidogo, parachichi na maziwa, hapo inakwenda bila hata kubadilisha sauti. Tui nalo linawezekana ila nazi iwe imekunwa tayari, weka kwenye chombo kirefu chembamba na maji ya uvuguvugu, piga mara mbili tatu, kamua kwenye chujio. Usiniletee habari ya vipande vya nazi. Ukwaju toa kokwa zote kwanza.

Chombo kirefu chembamba nimekitaja na nitakirudia maana nusu ya malalamiko ya "haisagi" yanaishia hapo. Bakuli pana chakula kinakimbia kisu, kinazunguka pembeni, wewe unaongeza muda wa kubonyeza. Kikombe kilichokuja na blenda kwenye boksi sio cha kuwekea vijiko, kitumie.

Mtori. Hapa nitagombana na watu lakini sawa. Mtori unapigwa na blenda ya mkono vizuri kabisa, ila kwanza toa nyama na mifupa yote, kipande cha mfupa kikikutana na kisu unaniletea kisu kimepinda na bushi, kale kapete kanakoshika shafti, imelegea, halafu piga kidogo uache na chembechembe. Ukiusaga mpaka ulainike kabisa unaanza kunata. Viazi mviringo ni balaa zaidi, yale mambo ya kusema "viazi vya kuponda nitasaga haraka na blenda" unapata gundi, sababu kisu kinapasua wanga wote unatoka nje unashikana, na ukishashikana hata siagi haiusaidii. Viazi vya kuponda ponda kwa mwiko au uma, blenda iache kabatini. Supu ya viazi yenye maji ya kutosha ni sawa, lakini mpigo mfupi.

"Supu ya moto inaharibu blenda." Inategemea blenda. Ya jagi ndo ya kuogopa, ukifunga mfuniko kwenye kitu kinachochemka mvuke unakosa njia, unarusha mfuniko na supu usoni. Ya mkono haina mfuniko, hiyo ndo faida yake. Zima jiko, subiri itulie isiwe inatokota, zamisha kisu chote ndo ubonyeze, achia kabla hujainua, supu ikiwa kidogo inamisha sufuria ili kisu kizame. Fimbo iwe ya chuma, ya plastiki soma kwanza karatasi yake inasemaje kuhusu joto. Na waya usiupitishe juu ya jiko, hilo nalo ninaletewa sana. Sufuria ya nonstiki usizungushie humo kabisa, ukingo wa chuma unachubua.

Maganda ya mayai hayanoi kisu. Sijui nani kaanzisha. Kisu cha blenda sio wembe, kinafanya kazi kwa mwendo, na blenda isiyosaga mara nyingi shida ni gia iliyolika au kaboni, hata usage trei nzima ya maganda.

Mayonezi watu wanasema lazima udondoshe mafuta tone tone nusu saa. Hiyo ni ukipiga kwa mkono bila mashine. Kwa blenda ya mkono yai 1 zima, ndimu kidogo, chumvi, haradali kijiko kidogo kama unayo, mafuta kama mililita 200 juu yake, vyote kwa pamoja ndani ya kile kikombe chembamba. Shusha fimbo mpaka chini ifunike kiini, bonyeza na USIINUE mpaka uone weupe umejaa chini, ndo uvute juu taratibu. Sekunde 20 hazizidi sana. Ukiinua mapema mayonezi inakatika, mafuta yanajitenga. Yai ni bichi hilo, kwahiyo liwe freshi, weka friji, wajawazito na watoto wadogo wapitwe.

Kuosha sasa. "Fundi nilikuwa naitunza, nailoweka kila siku." Mwili wa mota haugusi maji hata siku moja, futa na kitambaa. Fimbo nayo usiiache imelala kwenye beseni usiku, maji yanapenya kwenye sili, grisi inatoka, bushi inashika kutu, na baada ya muda unasikia mlio mkali wa chuma kwa chuma. Jaza kikombe maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, bonyeza sekunde tano, badilisha maji, rudia, chomoa, kausha. Fanya hivyo palepale kabla chakula hakijakauka. Ukisaga tangawizi nyuzi zinajizungusha kwenye kisu, kwahiyo ikate vipande vyembamba kwa upana kabla ya kusaga, na zikijizungusha CHOMOA WAYA UKUTANI kwanza ndo uingize kijiti au brashi. Kuachia swichi hakutoshi, ile swichi iko palepale unaposhika na mkono ukiteleza inabonyezeka yenyewe, na kisu hakichagui kati ya tangawizi na kidole.

Ya mwisho ni ya wenye ndugu nje. Shangazi kaleta blenda nzuri kutoka Marekani, pini zake bapa haziingii ukutani, umenunua adapta, imeingia, imelia kwa sauti ya ajabu sekunde chache halafu kimya. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti haigusi. Kule umeme ni volti 120, huku Tanzania ni 230, yani umeilisha karibu mara mbili. Kama kwenye stika imeandikwa 120V peke yake na hujaichomeka bado, tafuta transifoma ya kushusha volti yenye wati nyingi kuliko za blenda yenyewe, au muuzie anayerudi huko. Kama umeshaichomeka, usije na swali la "itapona fundi?", niletee tu nitoe waya na skrubu.