Usisubiri kukuche: maswali na majibu kuhusu kuumwa mlimani Kilimanjaro

Kila Desemba inapokaribia, vikundi vya Watanzania wanaotaka kuwa kileleni tarehe 9, Siku ya Uhuru, huanza kuulizana: viatu gani, njia ipi, mazoezi ya namna gani. Utani nao haukosi. Wa Dar wanaitwa laini, wa Moshi wanajiita wenye mlima, na atakayerudi njiani anaahidiwa kuchekwa mpaka Pasaka. Mimi ni muuguzi chini ya mlima huu, na wanaoshushwa wakiwa hoi napokea. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa sana. Mengine nitayajibu haraka. Lipo moja nitalirudia mpaka lichoshe, kwa sababu ndilo linaloua: mtu kuanza kuumwa juu, kisha akaficha au akasubiri.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini hasa?

Ni mwili kukosa oksijeni ya kutosha kwa sababu umepanda haraka kuliko unavyoweza kuzoea. Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina oksijeni asilimia 21 sawa na ya Tanga, ila mgandamizo wake umeshuka hadi karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi inakuingizia karibu nusu ya oksijeni uliyozoea. Shida huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Ukipita njia ya Marangu, maana yake ni kuanzia kambi ya Mandara kwenda juu.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, na uchovu uliopita kiasi cha safari ya siku hiyo.

Mbona kila mtu kule juu anaumwa kichwa? Si kawaida tu?

Ni kawaida kutokea. Haimaanishi ni salama. Naomba neno hili "kawaida" liachwe, maana nalisikia kwa kila aliyeletwa akiwa amechelewa: "Walimwambia ni kawaida, avumilie."

Ukiumwa kichwa juu ya mita 2,500, hesabu kwamba ni mwinuko. Usianze kutafuta jua, njaa au kukosa usingizi. Mwambie mwongozaji wako saa hiyohiyo. Kunywa maji, kula kidogo, pumzika, meza paracetamol kama unayo. Kikiisha, kesho endelea. Kisipoisha, hulali juu zaidi ya hapo ulipo. Kikizidi, unashuka. Wanaomeza paracetamol mbili kimyakimya na kuendelea kupanda wanajizimia kengele wenyewe.

Dalili zipi ni za hatari kabisa?

Zipo za aina mbili, na kila mpandaji azijue kabla ya kulipia safari.

Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mtu anayumba kama mlevi, anachanganyikiwa, anajibu yasiyoulizwa, anashindwa kufunga kamba za viatu, au analala na kuamka inakuwa tabu. Kipimo chake hakihitaji mashine: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, maongezi yameisha. Anashuka.

Ya pili ni mapafu kujaa maji. Anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, kifua kinakoroma, midomo na kucha zinabadilika rangi, na hali ikiwa mbaya anatoa makohozi yenye povu, pengine ya rangi ya waridi. Mara nyingi huanza usiku wa pili hadi wa nne baada ya kufika juu. Na sikilizeni hapa: mwingine mapafu yanajaa bila kichwa kumuuma hata kidogo. Basi msiseme "lakini hakulalamika kichwa." Mlimani kikohozi cha vumbi na baridi kipo, ni kweli. Lakini cha vumbi hakimfanyi mtu ahangaike na pumzi akiwa ndani ya mfuko wa kulalia.

Dada nesi, akizidiwa usiku si bora tusubiri kukuche ndipo tumshushe?

Hapana.

Najua sababu zenu: ni giza, ni baridi, watu wamechoka, mgonjwa mwenyewe anasema yuko sawa. Lakini usiku ndio mbaya zaidi kwake, kwa sababu akilala anapumua kidogo kuliko akiwa macho, na oksijeni inazidi kushuka. Mtu anayeyumba saa nne usiku anaweza asiamke alfajiri. Saa nane mnazoita za kusubiri tu ndizo zinazoamua kama atafika kwangu akiongea.

Aliyeanza kuyumba anashuka. Anayehema akiwa amekaa anashuka. Usiku, mvua, theluji, haidhuru, anashuka sasa, na asishuke peke yake. Ashuke na mtu anayeijua njia na wengine wa kusaidiana. Mwenye mapafu asibebe kitu na asilazimishwe kutembea kama machela ipo, kwa kuwa kujikakamua kunamzidishia maji kifuani. Mfunikeni apate joto.

Mara nyingi kushuka kati ya mita 300 na 1,000 kunaleta nafuu. Kutoka kambi ya Kibo hadi ya Horombo ni karibu mita 1,000, na machela ya gurudumu moja inapita. Aliyezidiwa kambi ya Barafu ateremshwe kwa njia ya Mweka. Asirudishwe kambi ya Barranco alikotokea, njia ile inapanda na kushuka na itamchosha bure.

Tunayo mitungi ya oksijeni na dawa. Tukimpa, si anaweza kulala?

Mpeni oksijeni, ndiyo. Kwa mwenye kuijua kazi, ipo deksamethasoni kwa ubongo na nifedipini kwa mapafu. Vyote hivyo ni vya kumsaidia wakati mnashuka. Mtungi unaisha. Dawa nayo inaisha nguvu, na ikiisha mgonjwa anarudi pale alipokuwa au pabaya zaidi, nanyi bado mko mita 4,700. Akipata nafuu baada ya oksijeni, hiyo ndiyo nafasi ya kumteremsha akiwa bado ana miguu. Msiitumie kulala.

Na kama imebaki saa moja tu kufika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta?

Anashuka. Siongezi neno kwa ajili ya picha kwenye ubao. Kila hatua ya kupanda inamwongezea ugonjwa, na akifika Gilman's, mita 5,685, bado yuko mbali na Uhuru na mbali zaidi na kitanda. Walipaji wa safari ni watu wazima, najua, na fedha ni nyingi. Ndiyo maana mazungumzo haya yafanyike getini, kabla ya kuanza: tukubaliane sote kwamba akishindwa mstari, hakuna kupiga kura.

Nimefanya mazoezi miezi mitatu, nakimbia kilomita 10. Mimi niko salama?

Mazoezi yanakupa miguu. Kwa ugonjwa wa mwinuko hayakukingi. Vijana wenye nguvu ndio ninaowaogopea zaidi, kwa sababu wanawahi kambini, wanatangulia, na wanaona aibu kuugua mbele ya mama wa miaka 55 anayekuja polepole nyuma yao na kufika mzima.

Fanyeni mazoezi hata hivyo. Pandeni ngazi mkiwa na mzigo mgongoni, tembeeni saa nyingi mfululizo, nendeni Uluguru au Usambara mwisho wa wiki. Anayeweza apande Meru kwanza, mita 4,566, siku chache kabla ya Kilimanjaro. Huko mwili wenyewe unaanza kuzoea, jambo ambalo ufukwe wa Coco hauwezi kukupa.

Mimi ni Mchaga, nimezaliwa Marangu. Mlima ni wetu.

Karibu mlimani kwenu, lakini Marangu Mtoni ni mita kama 1,500 tu, na Moshi mjini ni chini ya 1,000. Hakuna kinga hapo. Unaugua kama aliyeshuka na basi la Dar jana usiku.

Hili linawahusu wapagazi kuliko wote, na linaniuma. Wagumu hawa wanapanda na mzigo wa kilo 20, wakati mwingine na zaidi ya hizo ambazo taratibu za hifadhi zinaruhusu, wanatangulia kusimamisha hema, wanalala na mavazi hafifu. Wakiugua wananyamaza. Wanaogopa kukatwa siku, kukosa bahashishi, kutoitwa safari ijayo. Nimempokea kijana aliyekohoa siku mbili akibeba, na kiongozi wa safari akasema hakujua. Hakujua kwa sababu hakuuliza. Basi mpandaji, wewe unayesoma, kila jioni ukiulizwa hali yako, nawe uliza: wagumu wetu wote wamekula? Nani hajatoka hemani? Mpagazi anayeugua anashushwa na mtu wa kumsindikiza, na siku zake analipwa. Msimwambie "teremka taratibu, utafika."

Diamox vipi? Rafiki yangu atanigawia zake.

Usigawiwe. Diamox, yaani asetazolamidi, inausaidia mwili kuzoea haraka. Kwa mtu mzima kinga huwa ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Lakini muone daktari kwanza, hasa ukiwa na mzio wa dawa za salfa, tatizo la figo, au una mimba. Vidole vitakuchonyota, mkojo utakuwa mwingi, soda haitakuwa na ladha. Hayo ni ya kawaida yake.

Ila si ruhusa ya kukimbilia juu. Unayemeza Diamox huku kichwa kinazidi, unashuka kama mwingine yeyote.

Njia ipi ni nzuri?

Ile yenye siku nyingi. Wenyeji wengi wanachagua Marangu ya siku tano kwa sababu ni nafuu na kuna vibanda, na ndiyo inayowapandisha haraka. Ongezeni siku moja Horombo, mtembee kuelekea Mawenzi, mrudi kulala palepale. Machame chukueni siku saba, Lemosho nane. Uzuri wa njia hizo mbili ni siku ya Lava Tower: unapanda hadi mita 4,600 hivi, kisha unashuka kulala Barranco chini ya 4,000. Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika moja. Ratiba nyingi hazifuati hilo, ndiyo maana nasisitiza kuongeza siku.

Wasomaji wa Kenya, kupanda Lenana, Mlima Kenya, kwa wikendi moja ni hatari ileile. Ukifikishwa na gari hadi Met Station, mita 3,050, na usiku wa pili ukalala Mackinder's mita 4,200, umeruka sana. Maji ya mapafu hayajali kwamba Jumatatu una kazi.

Vifaa vipi nisikose?

Buti ulizokwisha kuzivaa, si za kufungulia getini. Koti zuri la mtumba linafaa kabisa, ila jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, zikilowa hazikauki. Taa ya kichwani na betri za akiba kwa kila mmoja: wengi husema walishindwa kushuka usiku kwa sababu taa zilikuwa mbili kwa watu saba.

Konyagi ya kupasha joto, hapana. Vidonge vya usingizi, hapana, vinapunguza kupumua wakati mwili unakuhitaji upumue zaidi. Na jiko lisiingie kwenye hema la kulala, liwe la mkaa au la gesi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, mkadhani ni mwinuko, mkafunga zipu vizuri zaidi.

Kale kamashine ka kidoleni ka kupima oksijeni kanasoma 80. Nife?

Kibo namba hiyo si ajabu, na kidole chenye baridi kinadanganya. Mtazame mtu kabla ya namba. Namba nzuri kwa mtu anayeyumba haina thamani yoyote.

Pengine ni malaria tu?

Yaweza kuwa, hasa kama umetoka ukanda wa joto. Basi shuka upimwe. Malaria haipimwi kwa kubahatisha Horombo, na dawa ya malaria haikaushi mapafu.

Nimeshushwa, najisikia mzima. Bado niende hospitali?

Kama ilikuwa kichwa na kichefuchefu tu, na vimeisha, huna haja. Kama uliyumba, ulichanganyikiwa, au ulihema ukiwa umekaa, nenda siku hiyohiyo hata ukijisikia vizuri, na safari hii usipande tena. Aliyekushusha aje naye atueleze mlilala mita ngapi, dalili zilianza saa ngapi, ulipewa dawa gani na kiasi gani. Asikupakie kwenye bodaboda getini akarudi kuwafuata wenzake.