Chanzo cha maji ya umwagiliaji ni nini, na kwanini kiangazi ndo kinaamua mavuno

Ukimuuliza mtu kama shamba lake lina maji anakujibu yapo, mto uko pale au kisima kipo. Ila kwa mkulima wa kiangazi chanzo cha maji sio mahali yanapotoka tu, ni yanakuja mengi kiasi gani, yanakuja lini, na yamebeba nini ndani. Hayo matatu ndo yanafanya mashamba mawili yaliyopakana, mbegu ile ile mbolea ile ile, moja livune magunia na lingine libaki na majani.

Masika huwezi kuona tofauti maana mvua haina chumvi, inanywesha na inasuuza udongo hapo hapo. Kiangazi hakuna wa kukusaidia, mmea unakunywa unacholeta wewe tu.

Chukua mifereji ya asili pale Kilimanjaro, ile Wachaga wanaita mfongo. Maji yake yanatoka mlimani, chumvi kidogo sana, tatizo ni zamu. Mto ukishapungua wa juu anapata kwanza na wa mkiani anasubiri, na mahindi yakikosa maji wakati yanatoa ndevu punje hazijai, hata ukija kumwagilia usiku kucha wiki mbili baadae umechelewa.

Kisima kinaondoa shida ya zamu, unawasha pampu ukitaka, lakini maji ya ardhini mara nyingi yamebeba chumvi. Inapimwa kwa EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, chumvi ikizidi namba inapanda; kuna kipimo kidogo kama kalamu unachovya kwenye ndoo na kinasoma, kizio chake ni dS/m (desisimensi kwa mita). Kwa viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maharage yanaanza kupunguza mavuno maji yakipita 0.7, vitunguu 0.8, mahindi 1.1, nyanya 1.7, na ukifika 2.4 maharage unavuna nusu. Mi niliwahi kupanda maharage pembeni ya nyanya, kisima kimoja, nyanya zikabeba vizuri tu na maharage yakaungua ncha za majani kama yamepitiwa na moto, nikapiga dawa ya wadudu mara mbili, hela ikaenda bure, kumbe ni maji.

Na usione 1 dS/m ni kidogo. Maji hayo yana kama gramu 640 za chumvi kwa kila lita 1,000. Ekari moja ukiimwagilia milimita 500 msimu mzima ni lita milioni 2 hivi, yaani umeingiza shambani chumvi karibu kilo 1,300, mifuko 26 ya kilo 50! Maji yanakauka na jua, chumvi haiendi popote, ndo ule unga mweupe unaouona juu ya matuta asubuhi. Ikiwa ni sodiamu nyingi ndo mbaya zaidi, udongo unaziba, maji yanatuama na mizizi inakosa hewa. Dawa ni kumwagilia zaidi kidogo ya mahitaji ili chumvi ishuke chini ya mizizi, ila hapo udongo uwe unapitisha maji, la sivyo unaongeza tatizo.

Lambo nalo, kadri linavyokauka chumvi inazidi kukolea, na mwani unaziba mipira ya matone. Pwani kuna jambo lingine, mto kama Pangani ukipungua kiangazi bahari inapanda nayo mtoni hasa siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, kwahiyo huko chini karibu na mdomo wa mto usiwashe pampu bila kupima, na vuta maji yakishakupwa.

Kosa ninaloliona sana ni kupima Aprili, mto umejaa na kila chanzo kinasoma vizuri. Mi napima Juni kabla sijanunua mbegu, narudia Septemba. Ikisoma chini ya 0.7 naweka maharage au vitunguu, ikipita 1 naenda na nyanya, na ikikaribia 3 shamba hilo nalipumzisha mpaka mvua za vuli.