Mawasilisho ya Mdomo: Alama Zinapotelea Wapi

Matokeo ya mawasilisho ya mdomo yakitoka, malalamiko yanayoletwa mezani kwetu huwa ya namna mbili. Kuna wanaosema "nilikatizwa kabla sijamaliza", na kuna wanaouliza "mimi nilizungumza vizuri kuliko mwenzangu, mbona yeye kanipita?" Kwa kuwa msimu wa mawasilisho ya mwisho wa muhula unakaribia, tumeona heri kuyajibu yote mawili mapema. Ieleweke kwamba kanuni hutofautiana kati ya taasisi na taasisi, na wakati mwingine kati ya idara na idara. Pale maelezo haya yatakapopishana na mwongozo uliopewa na idara yako, fuata mwongozo wa idara.

Tuanze na kukatizwa. Kwa kawaida saa huanza kuhesabiwa unapotamka neno la kwanza, ingawa ziko idara zinazohesabu tangu jina lako linapoitwa, jambo la kuuliza mapema. Mtunza muda huinua kadi au hupiga kengele zikiwa zimebaki dakika chache, kisha tena muda unapokwisha. Baada ya kengele hiyo ya pili, utaratibu ni mmojawapo kati ya mitatu: mwenyekiti anakusimamisha papo hapo, au anakuacha uendelee lakini yatakayosemwa hayasahihishwi, au unakatwa alama kwa kila dakika iliyozidi. Kuna mazingira makali zaidi. Katika mashindano ya Three Minute Thesis, yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, mtafiti hueleza tasnifu yake yote kwa dakika 3 na slaidi 1 isiyo na mjongeo wowote. Akizidisha muda, anaondolewa. Watahini hawafanyi hivyo kwa roho mbaya. Mwanafunzi aliyetumia dakika 13 na yule aliyetumia 10 hawakufanya mtihani mmoja, na aliyekesha akipunguza kazi yake ndiye anayedhulumiwa tukiufumbia macho uzidishaji.

Kwa hiyo tafadhali, "nilikuwa nimebakiza kidogo tu" si hoja ya rufaa.

Kupanga muda ni kazi ya hesabu. Miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiingereza hukadiria maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Usiichukue kama ilivyo ikiwa utawasilisha kwa Kiswahili, maana maneno yetu ni marefu na dakika moja huyabeba machache zaidi. Jipime mwenyewe: simama, soma matini yako kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Kusoma kimyakimya kitandani hakupimi chochote. Ukipewa dakika 10, andaa ya dakika 8 na nusu. Zinazobaki zitaliwa na projekta, kikohozi, na sentensi utakazoongeza ukiona mtu anaitikia kwa kichwa.

Je, upunguze nini? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mwanafunzi huchukua ripoti yake na kuifuata sura kwa sura: usuli, tamko la tatizo, malengo, maswali, umuhimu, mipaka ya utafiti. Dakika ya sita imefika, hajatueleza alichogundua. Watahini wameshaisoma ripoti hiyo, au walau wanapaswa kuwa wameisoma. Wanachotaka kuona ni kama unajua lipi katika kazi yako ni kubwa na lipi ni dogo. Tuseme umechunguza kwa nini wasomaji wapya huacha kuazima vitabu maktabani. Sema tangu mwanzo: "Nilitaka kujua kwa nini wanaacha. Nilidhani vitabu havitoshi. Nimekuta wanaogopa faini." Sentensi tatu tu, na chumba kizima kinajua unakoelekea. Muda uliobaki ni wa kuthibitisha: ulimuuliza nani, uliuliza vipi, na kwa nini tukuamini. Sura ya mipaka ya utafiti ingoje maswali. Utaulizwa tu.

Sasa lalamiko la pili. Ipo imani iliyoenea kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, na maneno ni asilimia 7 peke yake. Tunaisikia kwa wanafunzi, kwa wazazi, hata kwa baadhi ya wakufunzi wa ufasaha. Takwimu hiyo imetokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967. Yalihusu namna watu wanavyozitambua hisia za msemaji pale neno moja, sauti na uso vinapopingana. Hayakuhusu kueleza matokeo ya utafiti, na Mehrabian mwenyewe amesisitiza kwamba yasitumiwe kwa mawasiliano ya kila namna. Hebu jaribu kueleza njia ya uteuzi wa sampuli kwa ishara za mikono, tuone asilimia 93 itafika wapi. Katika mwongozo wa kawaida wa utoaji alama, sehemu kubwa huenda kwenye maudhui, mpangilio wa hoja na majibu ya maswali. Sauti inapewa alama, naam, lakini kinachopimwa ni kama unasikika na kueleweka. Hakuna anayekulinganisha na mtangazaji wa redio.

Hofu nayo isichukuliwe kama ugonjwa. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba mzungumzaji hudhani woga wake unaonekana na kila mtu, kumbe wasikilizaji huuona kwa kiasi kidogo tu. Na waliodokezwa jambo hilo kabla ya kuhutubia walihutubia vizuri zaidi. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alikuta kwamba waliojiambia "nina hamasa" kabla ya kuzungumza walishawishi zaidi kuliko waliojiambia "nimetulia". Moyo kwenda mbio si ushahidi kwamba umeshindwa. Mwenye tatizo la kigugumizi, la kusikia au la kiafya asingoje siku yenyewe: maombi ya kuongezewa muda au kuwekewa mazingira maalumu hupelekwa kwa maandishi, pamoja na uthibitisho wa daktari, kabla ya ratiba kutolewa. Ombi linaloletwa mlangoni asubuhi hiyo, msimamizi hana mamlaka ya kulikubali hata akikuonea huruma.

Kuhusu slaidi tutakuwa wafupi. Andika machache, kwa herufi kubwa, na usitusomee. Hifadhi nakala ya PDF, kwa sababu fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta ya ukumbini hubadilishwa na mpangilio wote huvurugika. Picha na grafu za watu wengine zitajiwe chanzo kwenye slaidi ileile. Kanuni za wizi wa kitaaluma hazibagui maandishi na michoro, na "nilipata mtandaoni" si chanzo. Ikiwa umetumia programu ya akili mnemba, tamka hivyo kadiri idara yako inavyoelekeza. Faili liwasilishwe kabla ya muda wa mwisho, nawe utunze ujumbe wa kuthibitisha kwamba limepokelewa, kwa kuwa ndio utakaokulinda faili likipotea. Njoo pia na nakala kwenye flashi.

Kwenye maswali ndipo tunapojua nani aliifanya kazi kwa mikono yake. Sikiliza hadi mwisho. Kama hujaelewa, lirudie swali kwa maneno yako na uulize kama ndivyo. Kusema "sikulichunguza hilo, ningelichunguza ningeanzia hapa" ni jibu halali na lina alama. Kuzunguka dakika nzima bila kujibu halina, na kumwambia kila mtahini "swali zuri sana" hakuongezi kitu. Kazi ikiwa ya kikundi, mtahini anaweza kumuuliza yeyote kuhusu sehemu yoyote. "Hiyo aliifanya mwenzangu" imeshawagharimu wengi.

Asiyefika bila taarifa hupata sifuri. Aliyepatwa na dharura alete ushahidi ndani ya muda uliowekwa na kanuni, ambao kwa kawaida ni siku chache tu. Rufaa hupokelewa kwa maandishi, ikitaja kipengele cha mwongozo wa alama kinacholalamikiwa na utaratibu uliokiukwa. Inapelekwa ofisi ya mitihani, si kwa mtahini. Kumpigia mtahini simu nyumbani ni kosa la kinidhamu linalojitegemea, hata kama rufaa yenyewe ina haki.